Namna ya Kukifikia Chanzo cha Habari ya Kisayansi

Kila habari ya kisayansi ina mahali ilikotokea. Yupo mtu aliyeliona jambo, akalipima, akaandika alichokiona, na maandishi yake yakachapishwa ili wenzake wayachunguze. Baada ya hapo habari hiyo huanza safari ndefu. Huingia katika vitabu vya kiada, magazeti, vipindi vya redio na, katika zama hizi, kurasa zisizohesabika za mtandao wa intaneti. Njiani kila anayeipokea huifupisha kidogo, na pengine huongeza la kwake. Mwishowe, habari inayomfikia mwanafunzi yaweza kuwa imetofautiana sana na ile iliyoandikwa na mtafiti wa kwanza.

Kwa sababu hiyo, mwanafunzi wa chuo anayeandaa insha, ripoti au tasnifu hana budi kujua namna ya kuirudia njia hiyo kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka akifikie chanzo chenyewe. Kazi hiyo huhitaji vifaa viwili: maktaba ya chuo na mtandao wa intaneti. Wako wanaodhani kwamba kifaa cha pili kimekiondolea cha kwanza manufaa yake. Makala hii inaeleza, kwa kufuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, jinsi vifaa hivyo viwili vinavyotegemeana, na hasara inayoweza kutokea pale chanzo kinapotajwa bila kusomwa.

SWALI LA MFANO

Mathalani, mwanafunzi wa chuo cha ualimu amepewa swali lifuatalo: Je, ni kweli kwamba maji ya moto yaweza kuganda upesi kuliko maji ya baridi?

Swali hilo lina historia ndefu. Aristotle wa Ugiriki ya kale aliligusia, na katika karne ya 17 Francis Bacon wa Uingereza na René Descartes wa Ufaransa nao waliliandika. Hata hivyo, siku hizi jambo hilo linajulikana duniani kote kwa jina la Mtanzania, Erasto Mpemba.

Mwanafunzi akiliandika jina hilo katika mtambo wa kutafutia habari mtandaoni, ataletewa kurasa nyingi mno kwa muda wa sekunde chache. Ukurasa mmoja utasema kwamba jambo hilo limethibitishwa; wa pili utasema limekanushwa. Wa tatu utatoa sababu moja kwa uhakika mkubwa, na wa nne utatoa sababu nyingine kwa uhakika uleule. Picha za video zitamwonyesha mtu wa nchi za baridi kali akirusha maji yanayochemka hewani yakageuka ukungu wa barafu, jambo ambalo ni jingine kabisa, kwa maana maji yaliyotawanyika kuwa matone madogo sana hayapoi kwa namna moja na maji yaliyotulia chomboni. Mwanafunzi huyo amepata habari tele, lakini jibu bado hajalipata.

KULIFAFANUA SWALI

Kabla ya kufungua kitabu chochote, yafaa swali lenyewe lifafanuliwe. Katika mfano huu, neno "kuganda" lina maana zaidi ya moja. Laweza kuwa na maana ya kufikia nyuzi 0 za sentigredi. Laweza kuwa ni kutokea kwa chembe za kwanza za barafu. Tena laweza kuwa ni maji yote kuwa barafu tupu. Nyakati hizo tatu hazilingani. Maji safi yaliyotulia yaweza kushuka chini ya nyuzi 0 yakabaki maji kwa muda kabla ya kuanza kuganda. Hali kadhalika, ni lazima ijulikane maji ya moto ni ya nyuzi ngapi, yako katika chombo gani, na chombo kimewekwa wapi.

Swali lililofafanuliwa hivyo humpa mwanafunzi maneno ya kutafutia. Ayaandike maneno hayo katika daftari pamoja na visawe vyake, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana makala nyingi za fizikia zimeandikwa kwa Kiingereza. Asitafute "kuganda" pekee. Atafute pia "kupoa", "joto la mwanzo", "uvukizaji" na "myuko", yaani ule mzunguko wa maji unaoletwa na tofauti ya joto kati ya sehemu zake. Neno lisipoleta matunda, jirani yake huleta.

NDANI YA MAKTABA

Mtu wa kwanza wa kuonwa katika maktaba ni mkutubi. Wanafunzi wengi humchukulia kuwa ni mlinzi wa vitabu na mtoza faini. Kumbe mkutubi amesomea taaluma ya kupanga na kutafuta maarifa, na dakika kumi za mazungumzo naye zaweza kumwokolea msomaji siku mbili za kuhangaika. Kuuliza si ujinga.

Vitabu vya maktaba hupangwa kwa utaratibu maalumu. Utaratibu ulioenea katika maktaba nyingi ni ule uliotolewa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Katika utaratibu huo maarifa yote yamegawanywa katika mafungu kumi makuu, kuanzia 000 hadi 900. Fungu la 500 ni la sayansi asilia, na fungu la 600 ni la teknolojia na sayansi tumizi, ambamo 610 ni tiba na 630 ni kilimo. Fizikia iko katika 530, na habari za joto ziko katika 536. Maktaba nyingine, hasa za vyuo vikuu, hufuata utaratibu wa Maktaba ya Bunge la Marekani unaotumia herufi: Q ni sayansi, R ni tiba na S ni kilimo.

Faida ya mpangilio huo ni kwamba vitabu vya jambo moja hukaa pamoja. Mwanafunzi aliyekipata kitabu kimoja katika 536 ageuze macho kulia na kushoto, kwani majirani wa kitabu hicho huenda wakawa bora kuliko kile alichokiendea. Katika kila kitabu atazame sehemu mbili: faharasa iliyo mwishoni, impeleke moja kwa moja kwenye ukurasa unaohusika, na orodha ya marejeo, imwelekeze kwenye maandishi ambayo mwandishi alitegemea.

Kitabu kizuri cha fizikia kitamfundisha mwanafunzi jinsi joto linavyosafiri, kwa nini maji hupoteza joto yanapovukizwa, na kwa nini ni lazima joto jingi liondoke kabla maji ya nyuzi 0 hayajawa barafu ya nyuzi 0. Bila ya msingi huo, makala za kitaalamu atakazozikuta baadaye hazitasomeka. Lakini kitabu huandikwa, huhaririwa na kuchapwa kwa muda mrefu, na aghalabu hueleza yale ambayo wengi wamekwisha kukubaliana. Kwa jambo ambalo bado linabishaniwa, hapana budi kuyaendea majarida.

JARIDA LA KITAALUMA NA UHAKIKI WAKE

Majarida ya kwanza ya kisayansi yalianza kuchapwa mwaka 1665, moja mjini Paris na jingine mjini London. Tangu hapo jarida limekuwa ndilo baraza ambamo watafiti huwatangazia wenzao matokeo ya kazi zao. Tofauti yake na gazeti la kawaida ni uhakiki. Mhariri wa jarida anapopokea makala huipeleka kwa wataalamu wengine wa fani hiyohiyo, ambao huisoma na kuuliza: Je, vipimo vilifanywa kwa njia sahihi? Je, hitimisho limetokana na vipimo hivyo? Makala yaweza kukubaliwa, kurudishwa ikarekebishwe, au kukataliwa.

Wakutubi huvigawa vyanzo katika ngazi tatu. Chanzo cha awali ni maandishi ya mtu aliyelifanya jaribio au kuliona jambo mwenyewe. Chanzo cha pili ni maandishi ya mtu aliyezisoma kazi za awali akazieleza au kuzilinganisha. Chanzo cha tatu ni kamusi, ensaiklopidia na muhtasari mwingine uliokusanywa kutokana na hivyo viwili. Hapana ngazi isiyo na kazi yake. Ensaiklopidia ya mtandaoni iitwayo Wikipedia, iliyoanzishwa mwaka 2001, hufaa kwa kuanzia, na sehemu yake yenye manufaa zaidi kwa mtafiti ni orodha ya marejeo iliyo chini ya ukurasa. Kosa ni kuanzia hapo na kuishia hapohapo.

KUUTUMIA MTANDAO

Mtandao wa kurasa za intaneti ulibuniwa mwaka 1989 na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, ili kuwarahisishia wanasayansi kubadilishana habari. Leo mtandao huo umebeba kila aina ya mzigo. Ni mfano wa soko kubwa ambamo dawa na sumu zimepangwa juu ya meza moja, tena bila ya vibandiko. Ndiyo sababu mtafiti hutafuta sehemu zile ambazo mzigo wake umekwisha kuchambuliwa.

Sehemu hizo zipo, na nyingi ni za bure. Kwa makala za taaluma zote ipo Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004. Kwa tiba na afya ipo PubMed, inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Majarida yanayochapishwa barani Afrika yamekusanywa katika African Journals Online tangu mwaka 1998. Ipo pia mipango ya Umoja wa Mataifa iliyounganishwa chini ya jina la Research4Life, ambayo huziwezesha taasisi za nchi za kipato cha chini, Tanzania ikiwamo, kuyasoma bila malipo majarida ambayo kwa kawaida huuzwa kwa bei kubwa. Mpango wa afya uitwao Hinari ulianza mwaka 2002, na ule wa kilimo uitwao AGORA ulianza mwaka 2003.

Hapa ndipo umuhimu wa maktaba unapoonekana tena. Mlango wa Research4Life hufunguliwa kwa taasisi, wala hautolewi kwa mtu mmoja mmoja. Mwanafunzi anayekutana na ukurasa unaomtaka alipe dola kadhaa ili asome makala moja, asikate tamaa wala asiharakishe kulipa. Aende kwa mkutubi akaulize kama chuo kina njia ya kuifikia. Vilevile, vyuo vikuu kadhaa vya Tanzania, kama vile cha Dar es Salaam, cha Sokoine na cha Muhimbili, vimeweka mtandaoni hazina za tasnifu na makala za wanataaluma wao. Mtu anayetafuta habari za udongo wa Morogoro au malaria ya Tanga huenda akazipata humo akazikosa katika majarida ya ng'ambo.

Yapo mambo machache ya kukumbuka wakati wa kutafuta. Maneno yanayokwenda pamoja yafungwe ndani ya alama za kunukuu, ili mtambo uyatafute kama fungu moja. Matokeo yakiwa mengi mno, liongezwe neno la kuyapunguza. Yakiwa machache mno, liondolewe neno au kitumike kisawe. Na jambo la mwisho, tena kubwa: mtambo wa kutafutia huzipanga kurasa kwa kanuni zake wenyewe, ambazo huzingatia umaarufu wa ukurasa pamoja na mambo mengine mengi. Kuwa wa kwanza katika orodha si ushahidi wa kuwa kweli.

KULIFIKIA ANDIKO LENYEWE

Kwa kufuata marejeo ya vitabu na kurasa alizozipata, mwanafunzi wa mfano huu ataona kwamba karibu njia zote zinakutana mahali pamoja: makala fupi ya Erasto Mpemba na Denis Osborne iliyochapishwa mwaka 1969 katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education, juzuu ya 4, kuanzia ukurasa wa 172.

Makala hiyo ina sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza Mpemba anasimulia jinsi mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, alivyokuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi jokofuni ilikuwa inakwisha, naye akaamua kuyaweka ya kwake yangali ya moto. Baadaye alikuta maziwa yake yameganda, ilhali ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha yalikuwa bado hayajaganda. Alipouliza sababu, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akafanyiwa mzaha. Ndipo Dakta Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, alipoitembelea shule hiyo. Mpemba alimwuliza swali lake mbele ya wenzake wakicheka. Osborne hakucheka. Aliahidi kulijaribu, na aliporudi Dar es Salaam alimpa fundi wa maabara kazi hiyo.

Sehemu ya pili ni ya Osborne, nayo ndiyo yenye vipimo. Maji ya sentimeta za ujazo 70 yaliwekwa katika bika ndogo, na bika zikawekwa katika sehemu ya kugandishia ya jokofu la kawaida la nyumbani, juu ya kipande cha povu gumu lisilopitisha joto. Maji yaliyochukua muda mrefu zaidi kabla ya kuanza kuganda yalikuwa ni yale yaliyoanzia nyuzi 25. Yaliyoanzia karibu na nyuzi 90 yalichukua muda mfupi zaidi. Osborne aliona kwamba maji yaliyopotea kwa uvukizaji yalikuwa machache mno kuweza kuieleza tofauti hiyo, akaelekeza fikira kwenye upotevu wa joto kupitia uso wa juu wa maji pamoja na myuko.

Msomaji makini atatambua mambo ambayo kurasa nyingi za mtandao hazikuyataja. Kwanza, muda uliopimwa ulikuwa ni ule wa kuanza kuganda, wala haukuwa wa maji kuwa barafu tupu. Pili, jaribio lilihusu bika na jokofu za namna fulani. Tatu, waandishi hawakutangaza sheria mpya ya maumbile. Waliripoti jambo waliloliona, wakaonya juu ya hatari ya kufundisha fizikia kwa amri, pasipo kumruhusu mwanafunzi kuhoji.

KUZIFUATA KAZI ZILIZOKUJA BAADAYE

Kukifikia chanzo ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuuliza: Je, watafiti wengine walisema nini baada ya hapo? Orodha ya marejeo humrudisha msomaji nyuma tu, kwa sababu makala ya mwaka 1969 haiwezi kuitaja kazi ya mwaka 2016. Ili kwenda mbele, hutumika faharasa ya matajo, yaani orodha inayoonyesha ni makala zipi za baadaye zilizoitaja makala fulani. Faharasa ya namna hiyo kwa ajili ya sayansi ilianza kuchapwa katika vitabu vikubwa mwaka 1964, kwa juhudi za Mmarekani Eugene Garfield. Siku hizi Google Scholar huionyesha chini ya kila makala, ikitaja idadi ya walioitaja.

Kwa njia hiyo mwanafunzi atakuta kwamba mwaka uleule wa 1969 George Kell wa Kanada alichapisha makala katika American Journal of Physics juu ya jambo hilohilo, naye akaupa uvukizaji uzito mkubwa, kinyume cha Osborne. Atakuta kwamba mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza iliendesha shindano la kutafuta maelezo bora ya jambo hilo, ikapokea majibu zaidi ya 22,000. Atakuta kwamba mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha katika Scientific Reports matokeo ya majaribio yao ya kupoza maji hadi nyuzi 0, wakasema hawakuona ushahidi wa maana wa maji ya moto kuyatangulia ya baridi, na kwamba tofauti ndogo ya kimo cha kipimajoto ndani ya maji yaweza kumdanganya mpimaji. Kisha atakuta kwamba mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada waliripoti katika jarida la Nature kwamba chembe moja ndogo sana, iliyodhibitiwa kwa mwanga wa leza, iliweza kufikia hali ya baridi mapema zaidi ilipoanzia katika joto la juu.

Je, watafiti hao wanapingana? Kwa sehemu tu. Burridge na Linden walipima kufikia nyuzi 0. Osborne alipima kuanza kuganda. Kumar na Bechhoefer hawakugandisha maji kabisa. Basi mwanafunzi anaweza kuandika jibu lenye kutegemeka: kwamba yapo mazingira ambamo maji ya moto yameripotiwa kuanza kuganda kwanza, kwamba jambo hilo halitokei kila mara, kwamba jibu hutegemea neno "kuganda" limetumiwa kwa maana gani, na kwamba wataalamu hawajaafikiana juu ya sababu moja. Jibu hilo halina kishindo, lakini kila sehemu yake ina shahidi.

CHANZO KISIPOSOMWA

Huenda msomaji akaona kwamba kukosea juu ya aiskrimu si jambo la kumdhuru mtu. Lakini mazoea ni yaleyale, na katika nyanja nyingine mazoea hayo yamegharimu maisha ya watu.

Mnamo Januari 1980 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha barua fupi yenye sentensi tano. Waandishi wake walieleza kwamba katika kumbukumbu za wagonjwa 11,882 waliolazwa hospitalini na kupewa dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, walikuta wagonjwa wanne tu ambao uraibu wao ulithibitishwa vya kutosha. Barua hiyo ilihusu wagonjwa waliokuwa wodini, chini ya uangalizi. Haikusema lolote juu ya watu wanaopewa dawa hizo wakazimeze nyumbani kwa miezi na miaka.

Hata hivyo, barua hiyo ilianza kutajwa katika makala baada ya makala kama ushahidi kwamba dawa hizo hazileti uraibu. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walichapisha katika jarida lilelile uchunguzi wa makala zote 608 walizoziona zimeitaja. Katika makala 439, yaani kiasi cha asilimia 72, barua ilikuwa imetumiwa kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra. Na katika asilimia 80 hivi haikutajwa kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa. Wakati huo uraibu wa dawa hizo ulikuwa umekwisha kuua watu wengi mno huko Amerika ya Kaskazini. Barua yenye sentensi tano husomeka kwa dakika moja. Ni dhahiri kwamba wengi walioitaja hawakuitumia dakika hiyo.

SIFA YA JARIDA HAITOSHI

Hata jarida lenye sifa kubwa laweza kukosea. Tarehe 22 Mei 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha makala iliyodai kutumia kumbukumbu za wagonjwa wapatao 96,000 kutoka hospitali 671 za mabara sita, ikasema kwamba dawa za klorokwini na haidroksiklorokwini ziliambatana na vifo zaidi. Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda sehemu ya majaribio yake. Wanasayansi wa nchi mbalimbali walipoziuliza kumbukumbu zenyewe, hazikuweza kutolewa zikaguliwe, na tarehe 4 Juni 2020 makala hiyo ilibatilishwa.

Makala iliyobatilishwa haifutiki duniani. Nakala zake hubaki katika kompyuta za watu na katika kurasa zilizoinakili. Kwa hiyo kabla ya kuitaja makala yoyote, mwanafunzi aufungue ukurasa wake katika tovuti ya jarida lenyewe aone kama kuna tangazo la kubatilishwa au kusahihishwa. Siku hizi makala nyingi hupewa namba ya kudumu ya utambulisho inayoanza na 10, ambayo humfikisha msomaji kwenye ukurasa huo hata kama anwani ya tovuti imebadilika.

Tena yapo majarida yanayojiita ya kitaaluma lakini biashara yake ni kupokea ada za waandishi. Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon alieleza katika jarida la Science jinsi alivyotunga makala ya uongo yenye makosa ya wazi, akaituma kwa majarida 304 ya mtandaoni. Majarida 157 yaliikubali. Dalili za majarida ya aina hiyo ni ahadi ya kuchapa makala kwa siku chache, wahariri wasiojulikana waliko, na kukusanya taaluma zote za dunia chini ya jina moja.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 imeongezeka hatari nyingine: programu za kompyuta zinazoandika kama binadamu. Programu hizo zaweza kusaidia kupata visawe au kueleza dhana ngumu, lakini pia zaweza kubuni marejeo yasiyokuwapo, yenye majina ya waandishi na mwaka, yakaonekana halali kabisa. Mwezi Juni 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza wanasheria faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi za kubuni zilizotungwa na programu hiyo. Rejeo lisilopatikana katika katalogi ya maktaba wala katika tovuti ya jarida, lisitajwe.

MASWALI YA KUJIULIZA

Kabla ya kukiingiza chanzo katika kazi yake, mwanafunzi na ajiulize:

(a) Nani ameandika, na ana ujuzi gani katika jambo hili?
(b) Je, alilipima mwenyewe, au anasimulia ya mwingine? Kama anasimulia, chanzo chake ki wapi?
(c) Yaliandikwa mwaka gani, na ni kazi gani zilizofuata?
(d) Nani aliyahakiki kabla ya kuchapishwa? Je, yamebatilishwa au kusahihishwa?
(e) Nani aligharimia kazi hiyo, na je, ana faida yoyote katika jibu lililopatikana?
(f) Je, andiko lenyewe limesomwa, au ni ikisiri tu, au ni maneno ya mtu aliyelitaja?

Kila jibu liandikwe papo hapo katika daftari, pamoja na jina la mwandishi, mwaka, jarida, juzuu na ukurasa. Mtafiti asiyeandika alikochota, kesho hujikuta ana nukuu nzuri asiyoweza kuitetea.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika utafiti, kuinama huko ni kutoka katika ukurasa wa kwanza wa mtandao, kuingia maktabani, kuifungua makala ya zamani na kuisoma mpaka mwisho. Mwanafunzi wa Magamba alipoambiwa kwamba aliloliona haliwezekani, hakukubali wala hakukataa kwa maneno matupu. Alilirudia mwenyewe, akaendelea kuuliza mpaka akampata mtu wa kulipima pamoja naye. Zaidi ya miaka 50 baadaye, kurasa nne zilizotokana na swali lake bado zinasomwa, zinapimwa na kubishaniwa, na mwanafunzi yeyote anayetaka kuujua ukweli wa jambo hilo anaweza kuzifungua na kuanza na maneno ya Mpemba mwenyewe.